Pikapu yako inatoa sauti ngeni? Sikiliza hivi kabla injini haijafa

Hapa makazini pikapu moja kuukuu inabeba mzigo wa watu wengi. Inapeleka mahindi na maharage sokoni, inaleta bidhaa dukani, na usiku inamkimbiza mgonjwa zahanati. Mara nyingi ni mali ya kikundi au ya ndugu waliochangishana, kwa hiyo injini ikifa, mtaji wa wengi umekufa nayo.

Injini nyingi hutoa sauti kabla ya kufa. Ukiitambua mapema, unaweza kulipia kazi ndogo badala ya injini nzima. Makala haya hayachukui nafasi ya fundi. Yanakusaidia kujua lini usimame, na umweleze fundi nini.

Hatua ya kwanza: zima, pima oili

Ukisikia sauti usiyoijua, egesha mahali tambarare, zima injini na usubiri dakika kumi. Vuta kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kisha ukivute tena na usome.

• Oili iko chini ya alama ya chini: ongeza kwanza, ndipo uwashe tena. Sauti nyingi za kugonga zinatokana na oili kupungua.
• Oili ina rangi ya chai ya maziwa: maji yameingia. Usiwashe.
• Oili imezidi kiasi na inanuka dizeli: mafuta yanavujia ndani na kuipunguzia oili nguvu. Mwite fundi.

Taa nyekundu ya oili ikiwaka huku injini inagonga, zima papo hapo, hata kama nyumbani ni karibu.

Jiulize maswali manne

1. Sauti inatokea lini: injini ikiwa baridi, ikiwa moto, au wakati wote?
2. Inaongeza kasi ukikanyaga mafuta? Kama gari limesimama na sauti inafuata mwendo wa injini, chanzo kiko kwenye injini au kitu kinachozungushwa nayo. Kama inasikika gari likitembea tu, angalia magurudumu, shafti na difu.
3. Inabadilika ukikanyaga klachi? Ikitokea unapokanyaga, shuku beringi ya klachi. Ikipotea unapokanyaga, shuku beringi ya giaboksi.
4. Inatoka wapi: juu, chini, mbele au pembeni?

Kwa swali la nne, chukua bisibisi refu. Weka ncha yake kwenye chuma cha injini na mpini kwenye mfupa ulio karibu na sikio, kisha uihamishe taratibu. Mahali sauti inaposikika kwa nguvu ndipo karibu na tatizo. Vua skafu, funga kitenge vizuri, kunja mikono ya shati na waondoe watoto. Feni na mikanda haina huruma.

Sauti na maana yake

Tiki-tiki nyepesi juu ya injini. Mara nyingi ni valvu zinazohitaji kurekebishwa nafasi. Si dharura, lakini usiiache kwa miezi.

Mlio mkali mbele, hasa asubuhi au baada ya mvua. Mkanda wa feni umelegea au umechakaa. Kukaza au kubadilisha ni kazi ndogo. Ukikatika, betri haichajiwi, na katika pikapu nyingi za zamani pampu ya maji nayo inasimama, injini inachemsha.

Kusaga au kuunguruma mbele. Shuku beringi ya pampu ya maji au ya alteneta. Zima injini, ondoa mkanda, zungusha puli kwa mkono. Puli inayoyumba au kukwaruza ndiyo yenye kosa.

Mnyororo unaoparuza mbele, hasa ukiwasha asubuhi. Toyota Hilux za petroli zenye injini ya 22R zinajulikana kwa hili. Vizuizi vya plastiki vinavyoongoza cheni ya taimingi huvunjika, cheni inalegea na kukwaruza kava lake. Ikilitoboa, maji huingia kwenye oili. Fanya kazi hiyo mapema.

Kwenye Hilux za dizeli zenye injini za 2L, 3L au 5L hakuna cheni, kuna mkanda. Huo mara nyingi hukatika bila kuonya. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Kama umenunua gari na hujui ulibadilishwa lini, hesabu kwamba muda umepita.

Pu-pu-pu pembeni, yenye nguvu gari likipanda mlima. Moshi unavuja kwenye gasketi au bomba la ekzosi. Usidharau: moshi huo una gesi ya sumu isiyo na harufu, na ukiingia ndani ya kibini unaweza kuua. Fungua madirisha mpaka litengenezwe.

Kugonga kukavu kwenye dizeli, pamoja na moshi mweusi au mweupe. Huenda nozeli moja ni mbovu. Fundi hulegeza nati ya bomba la kila nozeli, moja baada ya moja. Ile inayobadilisha mgongo ndiyo ya silinda yenye kosa. Usijaribu mwenyewe, maana dizeli yenye presha hupenya ngozi.

Kugonga kuzito chini, kama nyundo ndani ya pipa, kunakozidi ukikanyaga mafuta. Shuku beringi za konrodi au za krankshafti. Zima na uvute gari. Ukiendelea, konrodi inaweza kukatika na kutoboa bloku, na hapo hakuna cha kutengeneza.

Unapokwenda kwa fundi

Usiseme tu “injini inagonga”. Mpe majibu ya yale maswali manne, na mwache asikilize kabla hajafungua chochote. Akikwambia ovahoo, mwombe kwanza apime presha ya oili na kompresheni ya kila silinda. Patana bei kabla ya kazi, andikeni kwenye karatasi, na umwambie utachukua vipuri vya zamani. Kama gari ni la kikundi, asiwepo mtu mmoja peke yake siku ya mapatano.

Kama kambi yenu inahitaji kibali cha kutoka, angalia siku zilizobaki kabla ya kupeleka gari mjini. Matengenezo huchelewa, na kibali kinaweza kuisha wewe uko gereji.

Kama unataka kununua pikapu

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Gusa boneti: ikiwa ya moto, injini imepashwa, na sauti za asubuhi hutazisikia. Rudi siku nyingine. Tazama pia oili: wengine huweka nzito sana ili kuficha mgongo. Washa, sikiliza mpaka ipate moto, kisha endesha ikiwa na mzigo mlimani. Muuzaji akikataa hayo, weka pesa za wenzako mfukoni na uondoke.