Njia za Miguu za Umatengo

Mtu apandaye leo kwa gari kutoka Mbamba Bay kwenda Mbinga hupita barabara ya lami, wala hazioni njia za miguu zikwezazo milimani. Sisi twaona kwamba habari za nchi hii zimo katika njia hizo.

Katika karne ya 19, Wangoni walipoishika nchi ya Songea, Wamatengo walikimbilia milimani, na wengine walijificha katika mapango ya Litembo. Papo hapo Litembo waliwakabili Wadachi mwaka 1902, wakashindwa.

Basi, watu wengi walibanana juu ya miteremko mikali, ambako mvua ingaliweza kuuchukua udongo wote. Walitegemea ngoro. Nyasi hufyekwa, hulazwa kwa mistari ya kukatana, kisha hufunikwa kwa udongo uchimbwao katikati, hata pakabaki shimo. Shimo huyazuia maji, na nyasi zikioza hurutubisha shamba. Kwa mbali mlima mzima huonekana kama sega la nyuki. (Apitaye kando aangalie miguu yake kwanza, ziwa baadaye.)

Njia hufuata migongo ya ntambo, yaani kilima kilicho kati ya vijito viwili, ambapo zamani ukoo mmoja ulikaa. Kisha nyingine hushuka hata Ziwa Nyasa, lililo mita 475 hivi juu ya bahari. Wa milimani walishuka na mahindi, wa pwani wakapandisha samaki. Majina ya vituo vyao vya kupumzikia wayajua wazee. Afadhali waulizwe wangali hai.