Sandarusi ya Pugu na waliokuwa wakiichimba

Alinipa ikiwa imefungwa kwenye kipande cha khanga kuukuu, kama mtu anayekabidhi hirizi. Nikafungua. Kitu cha rangi ya asali, ukubwa wa ndimu, chepesi kuliko jicho lilivyokadiria. Upande mmoja kilikuwa kimemeguka na kung'aa. Upande wa pili kilijaa vipele vidogo vidogo mithili ya ngozi ya bata aliyenyonyolewa.

"Hicho si kioo, mwanangu," mzee akasema. "Sandarusi hiyo. Hebu ielekeze kwenye jua."

Nikaielekeza. Ndani yake, karibu na ukingo, alikuwamo nyuki mdogo, wa jamii ile isiyouma, mbawa kazikunjua kana kwamba alinaswa akijiandaa kuruka. Tulikuwa tumekaa barazani kwake, Pugu, malori yakipita barabarani kuelekea Kisarawe, na vumbi likitua juu ya vikombe vyetu vya chai. Nikamuuliza ameipata wapi. Akainua kidevu kuelekea milimani. Ilikuwa ya babu yake, akasema, na babu naye aliikuta nyumbani.

Mimi ni mwokotaji wa siku nyingi. Nina bati la biskuti lililojaa vitu ambavyo nyumbani kwangu huitwa takataka, vingi vikiwa vya ufukweni. Siku za bamvua, maji yakishakupwa, mtu akitembea chini ya magenge ya Oysterbay na Msasani anapita kando ya maiti za bahari ya kale. Miamba ile ni matumbawe yaliyokufa zamani sana, bahari ilipokuwa juu kuliko leo, na ndani yake makombe na konokono wa baharini wamegandamana na jiwe hadi huwezi kuwatenganisha. Watu hukaa juu yake wakila mihogo ya kuchoma, na si vibaya. Kilwa Kisiwani na Kaole zilijengwa kwa jiwe la namna hiyo hiyo. Saruji ya Wazo nayo hutokana na chokaa ya matumbawe ya kale, kwa hiyo nyumba nyingi za Dar es Salaam, kuanzia Kinondoni hadi Temeke, zimesimama juu ya visukuku vilivyosagwa.

Lakini siku zote niliamini kwamba kuwinda visukuku, kama kazi, kulianza hapa kwetu na Wajerumani wenye nyundo. Kipande kile cha sandarusi kimeniondoa kwenye imani hiyo.

Sandarusi, ambayo Wazungu huiita kopali, ni utomvu wa mti. Msandarusi, ambao wataalamu wa mimea wanauita Hymenaea verrucosa, ni mti wa misitu ya pwani yetu. Ukijeruhiwa, iwe ni kwa mdudu, kwa panga au kwa tawi kukwanyuka, hutoa utomvu mzito unaoganda juu ya gome au kudondoka chini. Ule unaodondoka hufukiwa na mchanga. Mti hufa, msitu hupotea, utomvu hubaki ardhini ukizidi kuwa mgumu mwaka baada ya mwaka.

Wazaramo, wenyeji wa Pugu na nyika za jirani, na wafanyabiashara wa pwani waliutofautisha vizuri. Ule uliobanduliwa mtini ulikuwa na bei ya chini. Ule wa ardhini ambao haujakomaa uliitwa chakazi, yaani mbichi, na Wazungu wa Unguja, kwa masikio yao, wakaligeuza neno hilo kuwa "jackass", punda dume. Hadi leo vitabu vya zamani vya biashara ya vanishi vinaitaja "jackass copal" bila msomaji kujua kwamba anasoma Kiswahili kilichochakaa. Uliosakwa hasa ulikuwa ule mkongwe wa chini ya mchanga, wenye ngozi ya bata. Huo ndio uliokuwa mgumu kuliko kopali zote zilizojulikana sokoni, na mafundi wa vanishi wa Ulaya na Marekani waliulilia. Magari ya farasi ya matajiri wa London na Boston yaling'aa kwa sandarusi iliyochimbwa Uzaramo.

Biashara yenyewe ilikuwa na mzunguko ambao lugha yetu bado inaukumbuka. Meli kutoka Salem, mji mdogo wa bandari huko Massachusetts, zilianza kutia nanga Unguja miaka ya 1820. Mwaka 1833 Sultani Seyyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Edmund Roberts, mjumbe wa Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters, mtu wa Salem, akafika kuwa balozi mdogo wa kwanza wa nchi yake hapo. Meli zilishusha kitambaa cha pamba cha viwanda vya Massachusetts, kile tulichokiita merekani, zikapakia pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Huko Salem, Jonathan Whipple alikuwa na kiwanda cha kusafishia sandarusi peke yake, kuiondolea ukoko wa mchanga hadi ngozi ya bata ionekane. Mzaramo aliyeshika jembe Pugu alilipwa kwa doti ya merekani. Sandarusi yake ilipimwa kwa frasila, kilo kumi na sita hivi. Na katikati walikuwapo madalali wa miji ya pwani, Waswahili na Wahindi, kila mmoja na mizani yake. Nadhani hakuna haja ya kueleza mizani hizo zilikuwaje.

Mpelelezi Mwingereza Richard Burton alipita Uzaramo mwaka 1857 akielekea maziwa makuu, na katika kitabu chake cha 1860 aliandika kurasa kadhaa juu ya sandarusi. Alieleza aina zake na udongo wake, akalalamika pia kwamba wachimbaji ni wavivu, wanaparua juu juu tu, wanaacha shimo na kwenda kufungua jingine. Malalamiko hayo yanachekesha. Mtu anayelima mpunga na mtama wake, anayechimba sandarusi wakati shamba halimhitaji, ambaye dalali atamkata nusu ya haki yake, kwa nini achimbe shimo la futi kumi? Alichimba kiasi cha kupata nguo. Na alijua pa kuchimba, jambo ambalo Burton hakulijua.

Hapo ndipo penye ufundi. Mashamba ya sandarusi hayakuwa chini ya misandarusi. Mengi yalikuwa kwenye nyika tupu na vichaka, mahali ambapo hapakuwa na mti hata mmoja wa aina hiyo. Mchimbaji alisoma rangi ya udongo na mchanga, akakumbuka mvua ilipofukua na mahali ambapo wazee waliacha mashimo yao. Leo msomi wa visukuku akitembea korongoni anafanya kazi hiyo hiyo: anatafuta tabaka lake, anatazama mvua ilipomega ukingo, anaokota. Tofauti ni kwamba yeye ana daftari.

Kwa Wazungu, nyika hizo tupu zilikuwa fumbo. Sandarusi ya ardhini ilitoka kwenye mti gani? Wengine walidhani ni mti uliokwisha kutoweka duniani. Aliyelifumbua ni John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyekuja Unguja miaka ya 1860 na baadaye akawa balozi mdogo wa Uingereza. Kirk aliukuta msandarusi hai kwenye pwani ya bara, kisha akaanza kupekua sandarusi iliyochimbwa, akitafuta vipande vilivyonasa majani na maua. Alivipata. Jani lililokuwa ndani ya utomvu wa kale lilikuwa la mti ule ule unaosimama msituni leo. Nyika zile zilikuwa misitu hapo zamani, na ushahidi pekee uliobaki ulikuwa ardhini.

Kwa hiyo Kirk akasifiwa London, na ni haki yake. Ila vipande alivyovipekua havikujichimba.

Vile vyenye wadudu vilichukua njia nyingine kabisa. Fundi wa vanishi hakuvitaka. Chungu ndani ya utomvu ni uchafu. Lakini mkusanyaji wa Ulaya alivitaka kuliko vyote. Karne ya 19 ilikuwa karne ya makabati: waganga, wachungaji na wanasheria walikusanya konokono, vipepeo, mawe, na kipande cha utomvu chenye mdudu kilikuwa kito cha kabati. Nyuki wadogo, mchwa, sisimizi, mbu na buibui wa pwani yetu walifika kwenye majumba ya makumbusho ya Berlin na London kwa njia hiyo, wengi wakiwa na kibandiko chenye neno moja tu: Zanzibar. Unguja ilikuwa bandari tu. Nyuki wa Pugu akaandikwa Mzanzibari na hakuna aliyemuuliza.

Wapo pia waliodanganywa. Sandarusi iliyosuguliwa vizuri iliuzwa kama kaharabu, ambayo ni utomvu wa mamilioni ya miaka, na bei yake haifanani. Mchezo huo haujaisha. Masokoni duniani kopali bado huuzwa kwa jina la kaharabu. Kuzitofautisha ni rahisi. Dondoshea tone la dawa ya kufutia rangi ya kucha: kaharabu haijali, kopali hunata kidoleni. Nilitamani kumjaribia mzee sandarusi yake, nikaona ni utovu wa adabu.

Mwisho wa biashara haukuwa na kishindo. Kuanzia miaka ya 1870 mpira wa porini ulianza kulipa vizuri zaidi, na yule yule Kirk akawa mmoja wa waliouvumisha. Mmea mmojawapo wa mpira una jina lake, Landolphia kirkii. Wachimbaji wengi wakaweka majembe chini, wakafuata mpira. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri, aliyeandika kwa kina juu ya sandarusi ya nyuma ya pwani yetu, anaishia mwaka 1905. Baadaye kemia ikaleta vanishi za kiwandani.

Wajerumani wenye nyundo walikuja mwishoni mwa hayo yote. Mwaka 1906, kusini mwa nchi, mhandisi wa madini Bernhard Sattler alioneshwa mfupa mkubwa uliojitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani wakaajiri mamia ya watu kuchimba, na zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe zikabebwa kichwani hadi bandarini na kusafirishwa Berlin, ambako dinosaria yule mrefu wa mita 13 na zaidi anasimama tangu 1937. Hadithi hiyo inajulikana, na mjadala wa kama arudi au abaki unaendelea. Mimi nashika kitu kimoja tu ndani yake. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Ilichukua karibu miaka mia, lakini jina lake limo. Kwa wachimbaji wa sandarusi wa Uzaramo, waliofanya kazi kwa vizazi viwili vitatu kabla ya Boheti, sijaona jina hata moja kwenye kibandiko.

Wataalamu sasa wanabishana kama sandarusi ni kisukuku kweli. Mwaka 2020 kundi la watafiti lilipendekeza mpaka: utomvu wa kuanzia miaka milioni 2.58 iliyopita hadi mwaka 1760 ndio uitwe kopali. Ulioganda baada ya hapo uwe na jina jingine, kwa sababu wadudu wake ni wa enzi ambayo binadamu alishaanza kumaliza misitu. Nyuki wa mzee huenda alinaswa kabla ya Vasco da Gama, au huenda alinaswa Seyyid Said akiwa Unguja. Bila kupima huwezi kujua.

Kuna jambo jingine ambalo lilinifanya niitazame milima ya Pugu kwa jicho jipya. Kaharabu mashuhuri ya Jamhuri ya Dominika, ile yenye mbu na vyura wa kale, ilitokana na mti uliokwisha kutoweka, ulioishi zama za Miosini, zaidi ya miaka milioni 15 iliyopita. Wataalamu walipolinganisha maua na majani yake na miti iliyo hai, ndugu yake wa karibu hakuwa miti ya Amerika inayoizunguka. Alikuwa msandarusi wetu. Na Miosini ndiyo zama inayotajwa kwa mawe ya mchanga ya Pugu yenyewe, yale yenye kaolini, udongo mweupe uliochimbwa hadi kuacha mapango ambayo sasa yamejaa popo.

Msitu uliobaki juu ya milima hiyo, Pugu na Kazimzumbwi, ni mabaki. Mkaa umeula, mashamba yameumega, jiji linapanda mlima kutoka Gongo la Mboto. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimba masalia bila leseni na inamtaka anayeyavumbua atoe taarifa, na hilo wapenzi wenzangu wa kuokota walijue kabla hawajabeba jembe. Jicho na daftari havihitaji leseni.

Daftari ndilo nililolitoa pale barazani. Nilimweleza mzee kwamba kitu kama hiki bila maandishi hupoteza nusu ya thamani yake, nikaomba tukiandikie kibandiko kabla hakijarudi kwenye khanga. Akakubali. Nikaandika: sandarusi, yenye nyuki mmoja, milima ya Pugu. Nikamuuliza mwaka, akacheka. Nikafika kwenye mchimbaji, akataja jina la babu yake, lote, hadi la ukoo.

"Una hakika ndiye aliyeichimba, mzee wangu?"

"Sina," akasema. "Wewe andika tu."