Daktari Mhindi, Cheti na Cheo: Historia Inayofika Bungoma

Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, iliajiri vibarua wa mkataba zaidi ya 31,000 kutoka India. Karibu 2,500 kati yao walifia kazini, na zaidi ya 6,000 wakarejeshwa makwao wakiwa hawajiwezi. Waliowauguza watu hao katika kambi za mahema, kwa kwinini na dawa za kuhara, wengi wao walikuwa Wahindi wenzao: madaktari wasaidizi waliosomea Punjab, Bombay na kwingineko, waliopewa mkataba kama wa seremala au karani. Katika masimulizi ya Magharibi ya Kenya, kuanzia Kitale hadi Bungoma na masoko kama Myanga, Mhindi anayekumbukwa ni wa duka. Daktari Mhindi hatajwi sana, ingawa historia ya kazi yake ndiyo inayotueleza vizuri zaidi kwa nini madaktari wetu wenyewe wanafunga mizigo leo. Hoja yangu ni kwamba mshahara humfanya tabibu aondoke, lakini cheti na cheo ndivyo vinavyoamua atafika wapi, atamtibu nani na ataishia ngazi gani. Anayeitazama safari yake kwa jicho la pesa peke yake ataona nusu ya habari.

Tuanze na miaka ya mwanzo. Mgoa Rosendo Ayres Ribeiro alifika Mombasa mwaka 1899, kisha akahamia Nairobi ikiwa bado ni kituo cha reli chenye matope. Alifungua kliniki yake katika soko la Wahindi, akawa anawatembelea wagonjwa akiwa amepanda punda milia. Picha zake juu ya mnyama huyo zimempa umaarufu kuliko kazi yenyewe, na hilo ni jambo la kusikitisha, kwa kuwa ni yeye aliyeitambua tauni sokoni humo mwaka 1902 na kuwaarifu wakubwa, nao wakaamuru soko lichomwe moto. Ribeiro alijitegemea. Wenzake wengi walikuwa watumishi wa serikali, na idadi yao inashangaza. Katika kitabu chao cha mwaka 2015 kuhusu madaktari Wahindi wa Kenya, Anna Greenwood na Harshad Topiwala wanaonyesha kwamba kabla ya 1923 idara ya tiba ya kikoloni ilikuwa na Wahindi karibu mara mbili ya madaktari Wazungu. Kwa maneno mengine, uti wa mgongo wa tiba ya serikali ulitoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Hata hivyo, cheo chao kilibaki cha usaidizi. Mhindi mwenye uzoefu wa miaka mingi alikuwa chini ya Mzungu aliyeshuka melini jana, akilipwa kidogo na kupelekwa kwenye vituo vya mbali ambavyo Mzungu hakuvitaka.

Kisha ukaja mwaka 1923. Wahindi wa Kenya walikuwa wakidai haki sawa ya kura na ruhusa ya kumiliki ardhi ya nyanda za juu, na walowezi walikuwa wakitishia kuasi. London ilijibu kwa Waraka wa Devonshire, uliotamka kwamba maslahi ya Mwafrika ndiyo ya kwanza, huku nyanda za juu zikiachwa mikononi mwa Wazungu. Wakati huohuo hazina ya koloni ilikuwa imekauka baada ya vita. Idara ya tiba ikaacha kuajiri madaktari Wahindi, na waliokuwamo wakapungua upesi. Reli ya tawi ilifika Kitale mwaka 1926, na njia kuu iliyopita Bungoma kuelekea Malaba ikafika Kampala mwaka 1931. Maana yake ni kwamba treni iliyowaleta Wahindi wengi wa biashara upande wetu ilikuja baada ya mlango wa daktari Mhindi wa serikali kufungwa. Kitale ilikuwa mji wa walowezi, na kwa upande wa Bungoma kazi kubwa ya tiba ikabebwa na misheni, hasa Wakweka waliokuwa wamefika Kaimosi tangu 1902, pamoja na madresa (wasaidizi wa kufunga vidonda) wa Kiafrika. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, wazee wa huku wanamkumbuka Mhindi akipima sukari na kukata kitambaa, wala si akipima homa.

Kuna watakaosema kwamba kufunga mlango ule kulikuwa kwa faida ya Mwafrika, ili nafasi zile zije kuwa zake. Ni hoja ya kupimwa kwa haki, maana ndivyo serikali yenyewe ilivyojieleza, na chuo cha kuwafunza wasaidizi wa tiba kilianzishwa Nairobi mwaka 1927. Lakini tutazame alichopewa huyo Mwafrika. Alipewa udresa na uuguzi. Aliyetaka udaktari ilimbidi aende Makerere, ambako mafunzo hayo yalianza mwaka 1924, au avuke bahari. Nairobi haikuwa na shule ya udaktari hadi 1967, miaka minne baada ya uhuru. Mhindi aliondolewa kwenye ngazi ya kati, naye Mwafrika akawekwa kwenye ngazi ya chini kuliko ile, kwa ujira mdogo zaidi. Aliyefaidi ni mwenye hazina. Wengine watadai kwamba daktari Mhindi aliwatibu Wahindi wenzake tu. Baada ya 1923 dai hilo lina ukweli fulani, kwa sababu aliyenyimwa ajira ya serikali alifungua kliniki mahali palipokuwa na wateja wa kulipa, yaani madukani. Jamii hiyo pia ilijenga hospitali zake, kama Pandya ya Mombasa. Ila tabia hiyo ilitengenezwa na sheria ya ajira. Kabla yake, Mhindi wa serikali alitibu askari, wafungwa, vibarua na wanakijiji.

Safari ya pili ya daktari Mhindi ilianzia hapa Afrika Mashariki. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1960 sheria za Kenya za uhamiaji na leseni za biashara ziliwabana Wahindi wasiokuwa raia, na mwezi Machi 1968 Uingereza nayo ikawabana kwa sheria yake. Agosti 1972 Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90. Hapo ndipo nguvu ya cheti inapoonekana wazi. Baraza la madaktari la Uingereza lilikuwa bado linazitambua shahada za vyuo vingi vya India, kwa hiyo daktari aliyefukuzwa Kampala akiwa nazo aliweza kusajiliwa London. Mwaka 1975 utambuzi huo ukaondolewa, na waliofuata wakakutana na mtihani. Miaka mitatu tu iliwatenga watu wenye elimu ileile. Atakayesema kwamba mtihani humlinda mgonjwa hakosei, na hakuna mwenye akili atakayetaka kutibiwa na asiyepimwa. Swali langu ni la wakati. Shahada hizo zilitosha wakati huduma ya taifa ya afya, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilipokuwa na uhaba mkubwa wa watu. Na hata zilipotosha, wengi wa wenye shahada hizo waliishia kuwahudumia wazee na wagonjwa wa akili, au kufungua kliniki katika miji ya viwanda na mabonde ya makaa ya mawe ya Wales, ambako Waingereza wengi hawakupenda kwenda. Ni hadithi ileile ya vituo vya mbali vya mwaka 1910, ila sasa kuna baridi.

Pesa nazo, je? Hakika Uingereza ililipa vizuri kuliko Bombay au Kisumu. Ila kama pesa ingekuwa yote, madaktari hao wangejaa kwenye matawi ya tiba yanayolipa zaidi. Walipelekwa na milango iliyokuwa wazi.

Leo msafiri ni mtoto wa Bukusu au wa Teso. Mwaka 2021 Kenya ilitia saini makubaliano ya kupeleka wauguzi Uingereza. Kabla ya hapo, mwaka 2018, iliwaleta madaktari 100 kutoka Cuba na kuwatawanya katika kaunti, ilhali madaktari waliohitimu hapa walikuwa wakitafuta kazi. Mwaka 2024 madaktari waligoma kwa siku 56, na moja ya sababu ni kwamba madaktari wanagenzi walioahidiwa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi waliambiwa wapokee 70,000. Hapo pesa na cheo vimekutana: daktari anaambiwa kwamba shahada yake inatosha kumtibu mgonjwa, lakini haitoshi kumpa nafasi kamili katika mfumo. Kwa mkazi wa Myanga, anayepelekwa hospitali ya rufaa ya Bungoma ugonjwa ukimlemea, hilo ndilo litakaloamua kama atamkuta bingwa au foleni. Afya ni jukumu la kaunti tangu 2013. Serikali za kaunti za Bungoma na Trans Nzoia, yenye Kitale, ziache mikataba ya muda mfupi, ziwape madaktari na wauguzi ajira ya kudumu, na ziwapandishe vyeo kwa wakati.