Shina la Zamani, Kahawa Mpya

Shosho ana miti 140 ya kahawa nyuma ya nyumba yake, karibu na Runyenjes, Embu. Mwezi uliopita mjomba aliandika kwenye grupu ya familia kwamba ing'olewe yote, tupande avokado. Shosho hayuko kwenye grupu. Mimi ndiye niliyetumwa kumwambia.

Siku hiyo sikumwambia. Kabla sijafungua mdomo alinipeleka shambani, akachuma tunda moja la kijani lenye doa jeusi lililobonyea. "Hii ndiyo si-bi-di," akasema. "Mwaka mmoja ilikula karo ya mama yako yote."

Si-bi-di ni CBD, na wakulima wa Embu na Meru hulitumia jina hilo bila kujali kirefu chake. Watanzania wana jina zuri zaidi: chulebuni. Ni kuvu inayoshambulia tunda la kahawa likiwa bado changa. Inapenda baridi na mvua, yaani hali ile ile ya miteremko ya Mlima Kenya inayofanya kahawa yetu isifiwe. Mti wenyewe haufi. Unabaki umesimama na majani yake mazuri, ila matunda yanageuka meusi na kudondoka. Mvua ikizidi na dawa ikikosekana, shamba linaweza kupoteza hadi asilimia 80 ya mavuno.

Niliporudi Nairobi nikaanza kusoma. Kumbe kuvu hii ilitambuliwa kwa mara ya kwanza duniani hapa hapa Kenya, upande wa magharibi, mwaka 1922. Enzi hizo kahawa ilikuwa zao la walowezi. Mwafrika aliruhusiwa kuichuma, si kuipanda. Walowezi walikuwa na sababu zao: ati Waafrika wangeshindwa kuitunza, ubora ungeshuka, magonjwa yangesambaa kutoka kwenye vishamba vyao. Ni katikati ya miaka ya 1930 ndipo serikali ya kikoloni iliporuhusu majaribio madogo Kisii, Embu na Meru, mbali na mashamba ya Wazungu. Kwa hiyo babu zetu walipopewa mche wa kwanza, ugonjwa ulikuwa na zaidi ya miaka kumi tayari. Haukutoka kwetu.

Mpango wa Swynnerton wa 1954, uliotolewa katikati ya vita vya Mau Mau, ndio ulioongeza kwa kasi kahawa ya wenyeji. Aina iliyopendwa sana ilikuwa SL28, iliyochaguliwa na maabara ya Scott miaka ya 1930. Ladha yake ni ya sifa na inavumilia ukame, lakini mbele ya CBD haina kinga. Kuvu ikavuka Bonde la Ufa, na miaka ya 1960 ikaharibu mavuno vibaya sana. Dawa za shaba zilisaidia, ila zilipaswa kupuliziwa tena na tena kila msimu. Shosho alizichukua kwa mkopo wa sosaiti, kisha zikakatwa kwenye malipo. Miaka mingine hakukubaki kitu cha kukata.

Mapema miaka ya 1970, watafiti wa kahawa kule Ruiru walianza kutafuta kinga ndani ya mti wenyewe. Waliipata mbali: kwenye Rume Sudan, kahawa kutoka nyanda za Boma katika Sudan Kusini ya leo, na kwenye chotara aliyejizalia mwenyewe kisiwani Timor, huko Asia. Wakazichanganya na aina zetu. Mwaka 1985 wakatoa Ruiru 11. Shida ilikuwa mbegu, kwa sababu chavua hupakwa kwa mkono, ua baada ya ua. Mwaka 2010 ikaja Batian, iliyopewa jina la kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya. Hii mbegu zake huzaa mti unaofanana na mama, basi kuisambaza ni rahisi zaidi.

Wamarekani wana kisa kinachofanana na hiki. Mwaka 1904 kuvu nyingine ilionekana New York kwenye miti ya chesnati, na katika miongo michache ikaua bilioni kadhaa. Mizizi mingi ilibaki hai ardhini. Inachipuka, kisha chipukizi linauawa tena. Hadi leo wanahangaika kuichanganya na chesnati ya China ili wairudishe msituni. Sisi mti wenye kinga tunao tangu 1985.

Basi mbona mjomba anataka kung'oa? Kwa sababu kuvu haikuwa ugonjwa pekee. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawana soko la kahawa ulivunjika na bei ikaporomoka. Sheria ilikataza kung'oa kahawa bila kibali, kwa hiyo wengi waliiacha iote magugu, wakapanda mahindi katikati. Kenya iliyovuna zaidi ya tani 120,000 msimu wa 1987/88 sasa huvuna karibu tani 50,000. Dawa ya kuvu ilipatikana. Ya malipo bado tunaitafuta, na mjomba hajakosea kuchoka.

Lakini mti haulazimiki kung'olewa ili ubadilishwe. Shina la SL28 hukatwa, likichipuka fundi anabebesha kikonyo cha Batian au Ruiru 11 juu ya chipukizi. Mizizi ya zamani, iliyokwenda chini sana, inalisha mti wenye kinga, na unazaa mapema kuliko mche uliopandwa upya.

Nilirudi kumwambia Shosho yote mawili, maneno ya mjomba na habari za kubebesha. Akacheka. Ya avokado alikuwa ameshayasikia kwa jirani.

"Mwambie apande huko juu kwenye mawe," akasema. "Hizi za mtoni niletee huyo fundi. Nitajaribu ishirini kwanza."

Fundi anakuja Jumamosi. Pesa yake nalipa mimi.