Kompyuta Haijui Nani Ameanza

Muulize prodyuza wa Nairobi nota zinaandikwa wapi kwenye programu yake, huenda akakucheka. FL Studio na Ableton Live hazina ukurasa wa nota. Zina vibao vya rangi tu, vimepangwa kando ya picha ya kinanda. Logic na Cubase zinao. Unabonyeza, na kile ulichopiga kinageuka mistari mitano yenye vichwa vyeusi, kama karatasi ya mwalimu wa kwaya. Inapendeza, sikatai. Lakini kila nikiutazama ukurasa ule naona maamuzi ya watu wa zamani kuhusu muziki ni kitu gani, na maamuzi hayo hayakufikiria kila mtu.

Tuanze na mwaka wa 1983. Mwezi Januari, kwenye maonyesho ya ala huko California, kinanda cha Sequential Circuits ya Marekani kiliunganishwa kwa waya na kinanda cha Roland ya Japani. Ukibonyeza kimoja, cha pili kinaitikia. Lugha iliyopita kwenye waya huo inaitwa MIDI, na bado tunaitumia. MIDI haibebi sauti. Inabeba maagizo: kitufe kipi kimebonyezwa, kwa nguvu gani, kimeachiliwa lini. Vitufe vimepewa nambari, 0 hadi 127, kwa kawaida 12 katika kila oktava, vilevile kama piano. Waliobuni walikuwa watengenezaji wa vinanda, wakatatua shida ya vinanda. Huwezi kuwalaumu.

Miaka miwili baadaye ikaja kompyuta ya Atari ST, yenye matundu ya MIDI tayari. Mwaka wa 1988 kampuni ya Ujerumani, C-Lab, ikaitolea programu iitwayo Notator: piga, rekodi, chapisha nota. Notator ndiyo babu ya Logic, ambayo Apple ilikuja kuinunua mwaka wa 2002. Kwa hivyo ukurasa wa nota tunaouona leo umezaliwa na nambari za vinanda. Programu haisikii chochote. Inasoma nambari, kisha inakisia.

Na ili ikisie, lazima ijue mambo matatu. Kila sauti ni ipi kati ya zile 12? Kila kipimo kina mapigo mangapi? Na pigo la kwanza liko wapi? Usipoiambia, itajijibu yenyewe: nne kwa nne, na moja ni pale kliki ilipoanzia. Kwa nyimbo nyingi za redio hakuna shida. Ukitaka kuona mahali majibu hayo yanavunjika, vuka mpaka wa Busia uende Buganda.

Amadinda ni marimba ya mbao 12, na hupigwa na watu watatu. Wa kwanza, omunazi, anaanza. Anapiga mfululizo wake ulio sawasawa, bila kuyumba. Wa pili, omwawuzi, anaketi upande wa pili na kuingiza mapigo yake katikati ya yale ya mwenzake. Sasa sikiza vizuri: kila mmoja kati ya hawa wawili anahisi mapigo yake mwenyewe ndiyo makuu. Hakuna "moja" wanayokubaliana. Watatu ni omukoonezi. Yeye ana mbao mbili tu za juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza sauti mbili za chini zinazochomoza kwenye mchanganyiko wa wenzake, kisha kuzirudia oktava mbili juu. Anapiga kitu ambacho hakuna kati ya wale wawili anayekipiga peke yake.

Gerhard Kubik, mtafiti kijana kutoka Austria, alifika Kampala mwaka wa 1959 akafundishwa muziki huu na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu ya Kabaka. Alipoandika juu yake hakuulazimisha kwenye mistari mitano. Alitumia nambari, 1 hadi 5, safu moja ya omunazi na nyingine ya omwawuzi. Basi. Mtu mwenye kalamu na daftari la shule anaweza kufanya hivyo.

Tarehe 24 Mei 1966, jeshi la Obote lilishambulia Lubiri, ikulu ya Kabaka Mutesa II. Kabaka akatorokea Uingereza, wanamuziki wa ikulu wakatawanyika, ala zikaangamia. Mwaka uliofuata falme zikafutwa kisheria. Kwa sehemu ya muziki ule, kilichobaki ni kumbukumbu za wazee, rekodi, na zile safu za nambari. Ndiyo sababu siwezi kusema mambo ya nota ni ubishi wa wasomi tu. Kuna siku karatasi ndiyo hubaki.

Nilijaribu kuingiza safu za aina hiyo kwenye programu ya kurekodia. Nilitumia vitufe vitano vyeusi. Kwenye piano, hatua kati yao ni senti 200 au 300. Amadinda hugawanya oktava ya senti 1200 katika hatua tano zinazokaribiana, takribani 240 kila moja. Kuna njia za kubadilisha sauti yenyewe ndani ya programu, lakini ukurasa wa nota uliendelea kuandika nota zilezile za piano, kana kwamba hakuna kilichobadilika. Shida kubwa zaidi ilikuwa mapigo. Omunazi alitokea amenyooka juu ya kila pigo. Omwawuzi akajaa vituo vya kimya na nota zilizochelewa, kama mtu anayemkimbilia mwenzake kwenye stendi ya matatu. Kumbe naye anapiga wima kabisa! Nilipowaunganisha kwenye mstari mmoja, wakawa mtu mmoja mwenye mikono ya haraka, na kile anachokisikia omukoonezi hakikuonekana popote.

MIDI 2.0 ilitangazwa mwaka wa 2020, na inaweza kueleza urefu wa sauti kwa undani zaidi. Nafurahi. Lakini haitajua nani ameanza, wala nani anasikiliza nani. Hilo halimo kwenye waya.

Hapa kwetu mpiga nyatiti ana nyuzi nane mikononi, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inayogonga ala, njuga mguuni, na anaimba juu ya hayo yote. Ukimrekodi wikendi hii, kabla ya kufungua laptopu muulize anahesabu kutoka wapi: kwa mguu, kwa nyuzi au kwa maneno? Anakaza uzi gani kwanza, na anausikilizia wapi? Andika majibu yake kwa maneno yake, kwenye daftari, na tarehe juu. Ukurasa wa nota unaweza kungoja.