Kahawa ya Kupigwa

Katika mtihani wa tafsiri wa muhula uliopita, neno frappé liliwatoa jasho wanafunzi wetu. Mmoja aliandika "kahawa ya kupigwa". Wenzake walicheka, nami nikamkata alama mbili. Baadaye nilifuatilia historia ya kinywaji hicho nikaona kwamba mkosaji ni mimi.

Kitenzi cha Kifaransa frapper maana yake ni kupiga, na Wafaransa walikwisha kukitumia kwa vinywaji vilivyopozwa kwa barafu. Lakini kahawa yenyewe ilizaliwa Ugiriki. Husimuliwa kwamba mwaka 1957, katika maonyesho ya biashara ya kimataifa mjini Thessaloniki, Dimitrios Vakondios alitamani kahawa yake ya kuyeyuka, ile ya mkebe, asipate maji ya moto. Akaitia katika chombo cha kutikisia kinywaji cha chokoleti, pamoja na maji baridi na barafu, akatikisa. Povu likasimama. Kahawa ya namna hiyo ina mafuta machache mno, na mafuta ndiyo yanayovunja povu.

Huko Boston, Marekani, frappe ni maziwa yaliyopigwa pamoja na aiskrimu. Maduka ya The Coffee Connection, yaliyoanzishwa na George Howell mwaka 1975, yaliliunganisha neno hilo na cappuccino yakapata Frappuccino. Starbucks waliyanunua mwaka 1994, na mwaka uliofuata wakauza chini ya jina hilo kinywaji kilichosagwa na barafu. Ni uhulutishaji ule ule uliotupa chajio kutokana na chakula cha jioni.

Nasi Waganda hatuko mbali. Robusta, inayotumika sana katika kahawa ya kuyeyuka, ina asili katika misitu ya Afrika, ikiwamo yetu, na Baganda walitafuna buni zake walipofunga udugu wa damu. Luganda hutenga mmwanyi na kaawa, kama Kiswahili kitengavyo buni na kahawa. Hata hivyo, insha zenu zimejaa wakulima "wanaoanika kahawa"!

Kwa atakayejaribu nyumbani: tia vijiko viwili vya chai vya kahawa ya kuyeyuka, sukari na maji baridi kidogo katika chupa ya mdomo mpana. Funga barabara, tikisa nusu dakika, mimina juu ya barafu, ongeza maziwa baridi. Mwenye blenda asage vyote pamoja. Umeme ukikatika, chupa inatosha.

Zile alama mbili nimekwisha kuzirudisha.