Usajili wa Namungo FC na hukumu ya mashabiki
Mashabiki wa Namungo FC ya Ruangwa, mkoani Lindi, pamoja na wenzao wa Nachingwea huwapa wachezaji wapya tathmini kila dirisha la usajili linapofungwa. Klabu huweza kuwanunua au kuwachukua kwa mkopo. Hukumu ni fupi: huyu kifaa, yule garasa, mara nyingi kabla mchezaji hajagusa mpira kwenye uwanja wa nyumbani, Uwanja wa Majaliwa. Kipimo ni kikali, pengine kupita kiasi, kwa sababu ya msimu wa 2019/20: Namungo, ikiwa imepanda Ligi Kuu msimu huohuo, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania, ikafungwa na Simba 2-1 mjini Sumbawanga.